Sura ya Nne: Nta ya Kunywesha Utambi

Mshumaa ukizimika wenyewe dakika chache baada ya kuwashwa, mara nyingi ila iko kwenye utambi, si kwenye nta ya mwili. Wengi wanaotengeneza mishumaa nyumbani, Likoni, Kisauni na Changamwe, huhangaikia bei ya nta, rangi na marashi, kisha hukata uzi wowote uliopo na kuutumbukiza mkavu ndani ya kalibu. Mshumaa huganda vizuri na kupendeza macho. Stima ikipotea usiku unawashwa: moto unapanda, unakula ncha ya uzi hadi kufika kwenye nta, unafifia, unazimika. Njiti ya pili, ya tatu. Aliyeununua harudi tena.

Kazi ya sura hii ni ndogo na hufanywa kabla ya kazi kubwa: kuunywesha utambi nta kabla haujaingia kwenye mshumaa. Swali ninaloulizwa kila mara ni moja, nalo ni nta gani. Jibu langu naliweka hapa mwanzo. Kwa upande wetu wa bara wa Mombasa, kwa joto hili na unyevu huu, chagua nta ya nyuki iliyosafishwa vizuri, hata kama mwili wa mshumaa wako ni wa parafini. Ikikosekana, chukua parafini ngumu ya 58/60. Nyinginezo zote ziache kwa kazi nyingine.

Nasema hivi nikijua kwamba nta ya nyuki ni ghali. Lakini utambi haunywi nyingi. Mita moja ya utambi wa unene wa wastani hunywa gramu moja au mbili hivi, basi. Robo kilo ya nta ya nyuki inaweza kutosha mita mia moja, na mita mia, ukikata vipande vya sentimita 18, ni mishumaa zaidi ya mia tano. Fundi anayebania pesa hapa anabania pasipostahili, kwa sababu mshumaa mzima wa nta nyingi na nzuri unategemea uzi huo mmoja.

Tuanze na kinachotokea kwenye moto. Nta iliyoganda haiwaki. Jaribu kuweka kiberiti kwenye kipande kitupu uone. Uzi mtupu nao unawaka, lakini kwa nukta chache tu. Kinachowaka kwenye mshumaa ni mvuke wa nta. Joto la mwali huyeyusha nta iliyo chini yake, nta hiyo ya maji hupanda kupitia nafasi nyembamba zilizo katikati ya nyuzi, ikifika juu inageuka mvuke, na mvuke huo ndio unaotoa mwanga. Mwanasayansi Michael Faraday aliona jambo hili lina elimu ya kutosha kujaza mihadhara sita kwa vijana, aliyoitoa katika Royal Institution jijini London msimu wa Krismasi wa 1860, yote juu ya mshumaa mmoja.

Sasa fikiria utambi mkavu. Ndani ya uzi wa pamba mna hewa, na kwetu mna maji pia, kwa sababu pamba huvuta unyevu na hewa ya pwani haikosi unyevu mwaka mzima. Ukimimina nta moto kwenye kalibu, nta ya nje hupoa na kuganda kabla haijafika kiini cha uzi. Hewa inabaki imefungiwa humo. Siku ya kuwashwa, moto unamaliza pamba ya juu kabla nta haijapata njia ya kupanda, halafu ukikuta tone la maji unachechea na kutatarika. Utambi ulionyweshwa mapema umeshajaa nta hadi kiini, kama mchele uliokwisha kunywa tui. Unashika moto kwa njiti ya kwanza na unaendelea kuulisha mwali hadi nta ya mwili ianze kuyeyuka.

Nta hii ya kunyweshea ina kazi fupi. Baada ya dakika chache za kwanza, kinachopanda kwenye utambi ni nta ya mwili wa mshumaa. Kwa hiyo usiitarajie nta ya nyuki ibadilishe harufu ya mshumaa wa parafini au iongeze saa za kuwaka. Kazi zake ni tatu tu: kutoa hewa na kuzuia unyevu, kushika moto wa kwanza, na kuupa utambi uti wa mgongo ili usimame wima wakati wa kumimina na usilale ndani ya dimbwi wakati wa kuwaka. Ukizijua kazi hizi tatu, uchaguzi wa nta unakuwa mwepesi. Unataka nta inayoyeyuka kwenye joto la juu kidogo kuliko nta ya mwili, au angalau sawa nayo. Unataka nta safi isiyo na vumbi wala rangi. Na unataka nta inayokamatana na pamba hata utambi ukipindwa.

Nta ya nyuki inayeyuka kati ya digrii 62 na 65 hivi. Ikipashwa na joto la mchana wetu inalainika na kupindika, lakini haidondoki wala haiachani na uzi. Parafini ngumu ikiwa baridi ni kavu na dhaifu: ukiukunja utambi wake, ganda linapasuka na kupukutika, na pale palipopukutika unabaki uzi mtupu. Chukua tambi mbili, moja ya nta ya nyuki na moja ya parafini, uzizungushe kwenye kidole asubuhi kabla jua halijapanda, kisha uzinyooshe. Ya nyuki inarudi nzima. Ya parafini inaacha unga mweupe kwenye meza. Fundi anayetengeneza tambi leo ili azitumie wiki ijayo, azibebe kwenye mfuko, avuke nazo feri ya Likoni na kupanda matatu, anahitaji nta isiyopukutika.

Kwa watu wa pwani hii, nta ya nyuki si kitu kigeni. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliitaja nta pamoja na dhahabu na pembe za ndovu katika biashara ya Malindi na wafanyabiashara wa Gujarati. Katika karne ya 19 iliendelea kushuka kutoka bara pamoja na pembe na sandarusi, na Wajerumani walipotawala Tanganyika nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa walizosafirisha Ulaya. Hapa Kenya, Wakamba wametundika mizinga ya magogo mitini tangu zamani, na mzinga wa gogo una faida ambayo mpenda asali haizingatii: masega hukatwa na kukamuliwa, hivyo nta yote hutoka. Kwenye mizinga ya kisasa yenye fremu, asali hukamuliwa kwa mashine ya kuzungusha na nyuki hurudishiwa sega lake, kwa hiyo haitoi nta nyingi. Mzinga wa mbao wenye vijiti vya juu, ule uliobuniwa Kenya miaka ya 1970 na sasa unajulikana duniani kwa jina la nchi yetu, nao masega yake hukatwa.

Asali ya Kitui, Mwingi na Kibwezi inapoteremka kwa barabara ya Nairobi huingia Mombasa kupitia Changamwe. Anayeuza asali ya masega ana machicha ya nta, na wengi huyaona ni taka. Muulize kwa adabu: "Mama, yale masega mliyokamua mwayatupa, au naweza kuyanunua?" Mara nyingi utayapata kwa bei ndogo kuliko nta iliyokwisha kugandishwa vipande. Usitarajie mengi, lakini. Kilo kumi za asali ya kukamua hazikupi zaidi ya kilo moja ya nta, na mara nyingine hupungua hapo.

Ukinunua kipande kilichogandishwa, kipime. Nta ya nyuki halisi ikivunjwa ikiwa baridi inaonyesha ndani chembechembe zisizong'aa. Iliyochanganywa na parafini inang'aa kwenye mpasuko na kuteleza vidoleni. Kifinyange kiganjani: ya kweli inalainika na kushikana, iliyotiwa parafini inamomonyoka kwanza. Harufu ni shahidi wa mwisho, wala si wa kwanza, kwa sababu nta kidogo ya nyuki inatosha kuifanya parafini nyingi inukie asali.

Kisha kuna kusafisha, na hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Nta iliyo safi vya kutosha kwa mwili wa mshumaa bado inaweza kuwa chafu mno kwa utambi. Chavua, ulimbo wa nyuki, asali iliyoganda, mabawa na miguu ya nyuki, yote hayo ni vumbi linaloziba zile nafasi nyembamba ambamo nta inatakiwa kupanda. Utambi ulionyweshwa nta chafu unawaka vizuri dakika kumi, kisha ncha inavimba kama uyoga mweusi na mwali unasinyaa.

Weka masega kwenye sufuria ya alumini au ya stenlesi pamoja na maji mengi. Usitumie chuma kitupu wala ndoo ya bati ya zinki, nta itabadilika rangi na kuwa ya kahawia chafu. Na maji yawe ya mvua. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe na maji yake yana chokaa. Chokaa hiyo hukamatana na asidi zilizomo ndani ya nta na kufanya povu zito la kijivu ambalo si nta wala si maji. Mvua za mwaka zinaponyesha, Aprili na Mei, kinga madumu mawili matatu uyaweke kwa kazi hii. Pasha kwa moto mdogo, usiache yachemke kwa nguvu. Nta ikiyeyuka yote, chuja kwa kipande cha kanga kuukuu cha pamba kilichokunjwa mara mbili, ukamue kwa vijiti viwili, kisha funika sufuria na uiache ipoe polepole usiku kucha. Asubuhi utakuta mkate wa nta unaelea. Ugeuze: uchafu umejikusanya upande wa chini kama tope. Ukwangue kwa kisu, yeyusha tena, chuja tena. Acha kurudia pale upande wa chini utakapotoka wa manjano kama wa juu.

Parafini nitaisemea kwa ufupi, kwa sababu wengi wenu mnaijua. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilifunga kazi ya kusafisha mwaka 2013, na nta inayouzwa madukani leo ni ya kuagizwa, imeshushwa Kilindini ikiwa vibao vyeupe ndani ya makatoni au magunia. Soma karatasi yake. Namba mbili zilizoandikwa, kama 58/60, ni digrii za kuyeyuka, na kwa utambi usishuke chini ya hizo. Soma pia kama imesafishwa kikamilifu au nusu. Ile ya nusu ina mafuta zaidi ndani yake, na kwenye joto letu hutoka jasho: tambi zinalowa, zinashikana, zinanasa vumbi. Ukitaka kuikaza parafini, tia asidi ya steariki inayouzwa kwenye maduka ya kemikali za sabuni, kiasi cha sehemu moja kwa sehemu tisa za parafini. Mkemia wa Kifaransa Michel Eugène Chevreul ndiye aliyetenga asidi hiyo kutoka kwenye shahamu mwanzoni mwa karne ya 19, na mishumaa ya Ulaya ikaacha kunuka nyama.

Jambo moja la hatari. Ukimtuma mtoto akuletee parafini bila kumweleza, ataenda kituo cha petroli na kurudi na mafuta ya taa. Wapo wanaochovya utambi kwenye mafuta hayo ili ushike moto upesi. Usifanye hivyo. Mafuta ya taa hayagandi, hayaupi utambi nguvu, hutoa moshi mweusi, na mvuke wake ukikutana na sufuria ya nta iliyo jikoni utaunguza nyumba.

Nta ya soya ni laini mno kwa kazi hii. Nyingi inayouzwa kwa mishumaa ya gilasi huyeyuka karibu na digrii 50 au chini yake. Mafuta ya nazi huyeyuka digrii 24, na ndiyo maana chupa yake haigandi kwetu ila asubuhi za kusi, Julai na Agosti. Mafuta ya kupikia ya kuganda ni yale yale. Vibaki vya mishumaa ya zamani vinafaa kwa mwili baada ya kuchujwa, si kwa utambi: vina masizi, vipande vya uzi ulioungua na rangi, na rangi ya unga huziba utambi kuliko uchafu wowote.

Nta nzuri haiokoi uzi mbaya. Uzi uwe wa pamba tupu. Choma ncha yake: pamba huacha jivu laini la kijivu na harufu ya karatasi, na ukiona inajikunja na kuacha ushanga mgumu mweusi, hiyo ni poliesta, iache kwa kushonea. Katani ya Vipingo ni ngumu na haivuti nta. Kisha usokote au, vizuri zaidi, usuke nyuzi tatu. Utambi wa kusuka uligunduliwa Ufaransa miaka ya 1820 na Cambacérès, na faida yake ni kwamba unapowaka hujipinda, ncha yake ikatoka nje ya kiini cha mwali hadi penye hewa, ikajiteketeza yenyewe. Kabla ya hapo, mtu alilazimika kuwa na mkasi kando ya mshumaa ili apunguze ncha kila mara.

Anika uzi juani siku nzima juu ya bati, uuingize ndani kabla ya magharibi hewa haijanyevuka. Yeyusha nta kwenye sufuria ndogo iliyokaa ndani ya sufuria kubwa yenye maji. Nta haiwekwi moja kwa moja juu ya jiko la makaa wala la gesi, na mfuniko uwe karibu, kwa sababu nta ikishika moto hufunikwa, haimwagiwi maji. Joto liwe digrii 70 hadi 75. Nta ya nyuki ni nzito kuliko parafini, basi usiharakishe.

Tumbukiza uzi na uangalie. Mara ya kwanza vipovu vinatoka kwa wingi urefu wote wa uzi, vidogo, vikikimbilia juu. Hiyo ni hewa. Ukiona povu jeupe linalotatarika, uzi haukukauka, utoe ukaanike tena. Vipovu vitapungua, vitabaki vichache kwenye mafundo, kisha vitakwisha. Usitoe uzi kabla havijakwisha, hata kama mgongo unauma. Kwa utambi wa kusuka ni kama dakika tano. Utoe, upitishe katikati ya vidole vilivyoshika kipande cha karatasi ili nta ya ziada irudi sufuriani, kisha uvute taratibu hadi unyooke. Utundike kwa kibanio cha nguo na nati ndogo chini yake. Ukipoa, uchovye tena kwa nukta mbili tu, upate ganda jembamba. Ganda nene halina faida. Litayeyuka wakati wa kumimina.

Hapo wengine hulalamika kwamba nta ya nyuki imeyeyuka pale walipomimina parafini ya digrii 75 kwenye kalibu, na utambi ukalegea. Ni kweli, hakuna nta ya nyuki itakayostahimili hapo. Funga utambi juu kwa kijiti cha mshikaki na chini kwa fundo au kisahani cha bati, uukaze. Nta iliyo ndani ya uzi haipotei, na yote inapopoa hushikana na mwili bila mwanya.

Stima ilipokatika karibu nchi nzima usiku wa 25 Agosti 2023, ikakatika tena Novemba na Desemba mwaka huo huo, maduka ya mitaani yaliuza mishumaa yote yaliyokuwa nayo. Mahitaji ya namna hiyo hayatoi taarifa, basi fundi anatakiwa kuwa na tambi zilizo tayari. Lakini zitunzwe vyema. Chumba cha mabati Februari na Machi, kaskazi inapokwisha na nje joto ni digrii 32 au 33 kivulini, ndani yake huwa moto zaidi ya hapo. Tambi zilizotundikwa zitajivuta na kupinda. Zilaze kwenye kisanduku cha mbao au katoni, safu moja, karatasi kati ya safu na safu, chini ya kitanda ambako saruji ina ubaridi, mbali na panya kwa kuwa wanapenda nta ya nyuki, na andika juu ya katoni nta uliyotumia na mwezi uliozinywesha. Kabla ya kumimina kundi jipya la mishumaa, toa utambi mmoja, uusimamishe kwenye kopo la majaribio lenye nta, ukate ncha ibaki milimita 6 juu ya nta hiyo, uwashe, ukae nao saa moja. Ukishika kwa njiti moja na mwali ukasimama bila kutikisika wala kutoa moshi, anza kuyeyusha nta ya mwili.